Jike anazaa watoto wachache: kabla hujamuuza, tazama shida inamfuata nani

"Nguruwe wangu jike amezaa watano tu. Nimpeleke kwa watu wa kitimoto?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na jibu langu huwa ni swali: alipandwa na dume gani, na tarehe ngapi? Hapo simu hunyamaza kidogo. Kisha linakuja jibu: "Dume wa jirani. Tarehe sikumbuki, ila tulikuwa tumeshavuna."

Bila majibu ya maswali hayo mawili, kumhukumu jike ni kupiga ramli. Uzao mdogo unaweza kutokana na siku uliyompandisha, chakula, ugonjwa, joto la banda, au damu, yaani vinasaba alivyorithi yeye na dume aliyempanda. Kwa macho tu huwezi kuvitenganisha, kwa sababu mwisho wa yote hayo ni uleule: watoto watano kwenye majani makavu.

Mimi hutumia njia moja, nayo ni kutafuta shida inamfuata nani. Ikimfuata jike mmoja uzao baada ya uzao, hata madume wakibadilika, mshuku jike. Kila jike anayepandwa na dume fulani akipungukiwa, mshuku dume. Majike wote wakishuka kwa pamoja kisha wakapanda tena, tafuta msimu, chakula au ugonjwa. Na shida ikionekana kwa mabinti wa mama mmoja au baba mmoja, popote walipopelekwa, hapo damu inazungumza.

Daftari la shule linatosha. Andika jina la jike, dume, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaa, waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu, waliokauka (waliofia tumboni mapema wakasinyaa), waliofika kuachishwa kunyonya, na kasoro yoyote uliyoiona. Wengi huandika "wazima 6" wakaishia hapo. Waliokufa na waliokauka wanatupwa shimoni pamoja na ushahidi wao.

Watoto wachache, lakini wazito na wenye afya

Kwanza hakikisha kweli ni wachache. Jike wa uzao wa kwanza huzaa pungufu kuliko atakavyozaa kwenye uzao wa tatu hadi wa tano, ambapo ndipo huwa kwenye kilele. Mlinganishe mtamba, yaani jike kijana, na mitamba wenzake, usimlinganishe na mama yake.

Baada ya hapo, kagua upandishaji, maana ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote. Jike hukaa kwenye joto, yaani hamu ya kupandwa, siku mbili hadi tatu, na mayai hutoka theluthi mbili za muda huo zikiwa zimepita. Ukimpandisha mapema mno, mbegu huchoka zikisubiri, na ukichelewa mayai yamezeeka. Mbonyeze mgongo kwa viganja viwili, karibu na kiuno. Aliye tayari husimama tuli kama amepigiliwa misumari, hata ukimkalia. Akianza kusimama hivyo asubuhi, mpandishe jioni, kisha rudia kesho yake asubuhi. Nguruwe wa aina ya Large White atakusaidia kwa kusimamisha masikio, lakini wa aina ya Landrace masikio yake yanalala siku zote, kwa hiyo usiyasubiri. Na kwa nguruwe weusi wa kienyeji wekundu wa uke hauonekani vizuri, tegemea mgongo.

Vijijini jike hutembezwa juani hadi kwa mwenye dume, anapandwa mara moja, anarudishwa siku hiyohiyo. Mwenye dume amelipwa na mwenye jike ameridhika. Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu baadaye wanazaliwa watano, na lawama inamwangukia jike.

Mkague dume pia. Kijana wa chini ya mwaka mmoja asizidishe kupanda mara mbili kwa wiki, na mkubwa mara nne au tano. Dume wa kijiji msimu ukichanganya hupanda asubuhi na jioni, na mbegu zinakuwa nyepesi. Homa au joto kali navyo humharibu, na madhara hayaonekani palepale: mbegu huchukua wiki tano hadi saba kutengenezwa na kukomaa, kisha kuna mimba ya siku 114. Ukanda wa Pwani, joto la Januari na Februari hujitokeza kwenye uzao wa Juni hadi Agosti, wakati hali ya hewa imepoa na hakuna anayekumbuka kwamba dume alikuwa anahema kwenye banda la bati.

Ikiwa tarehe ziko sawa, dume hajachoka, majike wamekula, na bado kila anayempanda anazaa nusu ya kawaida yake, kuna jambo jingine ambalo wafugaji wachache wamelisikia.

Mfugaji mmoja wa Mbozi alinionyesha daftari lake. Alikuwa na majike sita. Kwa dume wa zamani waliandikwa 11, 10, 9, 12, 10, 10. Kwa dume mpya, kijana mrefu aliyenunuliwa kwa bei nzuri, waliandikwa 6, 5, 5, 7, 6, 5. Hakuna hata mmoja aliyekauka. Watoto walikuwa wanene, wakinyonya bila kugombania chuchu. Dume alikuwa na hamu, hachagui jike, na alikula vizuri. Mwenyewe alikuwa ameshapanga kuuza majike wawili "waliozeeka".

Shika ukurasa ule na ujiulize: majike sita wanawezaje kuzeeka mwezi mmoja?

Nguruwe wa kufugwa ana kromosomu 38. Mara chache, kipande cha kromosomu moja hukatika na kubadilishana nafasi na kipande cha nyingine. Dume aliyezaliwa hivyo hakupungukiwa kitu, vipande vyote anavyo, ila vimekaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo anakua vizuri, anapanda vizuri, na hata mbegu zake chini ya hadubini zinaonekana safi. Tatizo linaanza anapozigawa kromosomu hizo kwenye mbegu. Sehemu kubwa ya mbegu hubeba kipande kilichozidi huku kingine kikikosekana. Zinarutubisha yai kama kawaida, kisha kiinitete kinakufa mapema, kabla mifupa haijaanza kujengeka. Mwili wa mama unakifyonza kimyakimya. Huoni damu wala waliokauka, na waliobaki wanapata nafasi tele tumboni, ndiyo maana wanazaliwa wazito.

Jambo hili lilielezwa mara ya kwanza huko Sweden mwaka 1964, kwa dume aliyekuwa akipunguza uzao vivyo hivyo. Ufaransa wamekuwa wakipima kromosomu za madume vijana kabla ya kuwaingiza kwenye vituo vya mbegu, na wamekuta takriban mmoja katika kila 200 ana hitilafu ya aina hii. Ni wachache, lakini fikiria dume mmoja wa namna hiyo anayehudumia kijiji kizima. Kipimo chake ni cha damu kwenye maabara yenye wataalamu wa kromosomu, na wengi wetu hatutaifikia. Kipimo cha kwetu ni daftari: majike walewale, madume wawili, angalau uzao tano au sita kwa kila dume. Tofauti ya mtoto mmoja isikutishe. Uzao ukikatika karibu nusu kwa majike wote, mwache dume huyo, na usibakize watoto wake kwa mbegu, maana kwa wastani nusu yao wamerithi hitilafu ileile.

Watoto wachache, na wanyonge

Huyu ni mgonjwa mwingine kabisa. Hapa uzao haukatiki ghafla. Ulikuwa kumi, ukawa tisa, sasa ni saba, kwa miaka minne au mitano. Watoto hawalingani, wawili watatu hawafiki siku ya tatu, ngiri (utumbo kutokeza chini ya ngozi) zimeongezeka, mitamba inachelewa joto. Mfugaji husema "damu imechoka", na safari hii yuko sahihi: ni ndugu kwa ndugu.

Piga hesabu. Dume akipanda leo, binti atazaliwa baada ya karibu miezi minne na atakuwa tayari kupandwa akiwa na miezi saba au minane. Jumla ni mwaka mmoja. Dume akikaa bandani zaidi ya mwaka na wewe unabakiza mabinti, anampanda binti yake, iwe umepanga au hukupanga. Mtoto wa baba na binti, kwa wastani, robo ya vinasaba vyake inakuwa ni nakala mbili za kitu kilekile kutoka kwa mzee yuleyule. Ni sawa na kaka na dada wa tumbo moja. Kasoro iliyokuwa imefichwa na nakala nzima ya mzazi wa pili sasa haina wa kuificha.

Kuazimana dume hakuondoi shida. Kijijini dume wa jirani mara nyingi ni mtoto wa dume wako wa zamani, au wote wawili ni watoto wa dume wa parokia. Ukibadilishana naye umebadilisha banda tu. Nimewahi kukaa na wafugaji watano chini ya mwembe tukachora ukoo wa madume yao kwa kijiti ardhini, na mistari yote ikaishia kwa mzee mmoja aliyechinjwa zamani.

Tiba hapa ni ya haraka kuliko watu wanavyodhani. Leta dume wa ukoo wa mbali, au wa aina nyingine. Jike chotara wa Large White na Landrace huzaa na kukuza watoto wengi kuliko wastani wa wazazi wake wawili, na hufika joto mapema zaidi. Nguvu hiyo ya uchotara hujitokeza zaidi kwenye mambo ya uzazi, yaleyale ambayo kuchagua mbegu peke yake huyasukuma polepole. Ila ukichukua chotara ukampandisha kwa chotara mwenzake wa ukoo uleule, nusu ya nguvu hiyo inapotea kwa watoto. Afadhali uzungushe: kizazi hiki dume Large White, kinachofuata Landrace, kisha urudi. Kwa mzunguko wa aina mbili unabaki na takriban theluthi mbili ya nguvu ya uchotara bila kununua majike wapya. Aina ya tatu, Duroc, mimi humtumia mwisho, kwa watoto wa kwenda kuchinjwa. Nyama na ukuaji wake hauna mjadala, lakini kwa idadi ya watoto na chuchu huachwa nyuma na hao wawili.

Nimebakiza mabinti wa jike hodari, mbona hawafanani na mama?

Hili linawaumiza watu kwa sababu walifanya walichoambiwa. Jike alizaa 14, wakabakiza binti zake wote, na sasa wanazaa tisa kama wengine.

Idadi ya watoto hurithiwa kidogo sana. Kati ya tofauti unazoziona baina ya jike na jike, takriban sehemu moja tu kwa kumi inatoka kwenye vinasaba vinavyopita kwa watoto. Zilizobaki ni chakula, siku ya kupandishwa, umri, na bahati. Tuseme wastani wa banda lako ni tisa na huyu kazaa 14. Amezidi kwa watano. Sehemu moja ya kumi ya watano ni nusu mtoto, na binti anachukua nusu ya hiyo kutoka kwa mama. Unatarajia robo ya kitoto. Hiyo ndiyo zawadi uliyoipata kwa uzao mmoja wa maajabu.

Jike ambaye kwa uzao nne amezidi wastani kwa watatu kila mara ana thamani zaidi, ingawa hakuwahi kufika 14. Kwa binti yake unaweza kutarajia karibu mara moja na nusu ya ile robo, au zaidi kidogo. Bado ni kidogo, lakini ni ya kuaminika, na inajumlishwa kizazi hadi kizazi. Denmark wamefika wastani wa zaidi ya watoto 16 hai kwa uzao kwa mtindo huohuo wa rekodi, ila wao walizirundika kwa maelfu ya majike na miongo kadhaa. (Na sasa wana shida nyingine: watoto wamezidi chuchu.)

Kuna anayeuliza kama hakuna kinasaba kimoja cha uzao mkubwa tukakinunua. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba aina fulani ya kinasaba cha kipokezi cha homoni ya estrojeni, waliyoipata kwa nguruwe Meishan wa China, inaendana na watoto wengi zaidi. Meishan ni mnyama wa ajabu kweli, hufika joto akiwa na miezi mitatu hivi na huzaa 14 au 15 bila kelele. Lakini kinasaba hicho kilipopimwa kwenye makundi mengine, mahali kilisaidia kidogo, mahali hakikuonyesha kitu. Uzao unajengwa na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia punje yake. Anayekuuzia dume kwa maneno ya "ana jeni la mapacha" anauza maneno.

Chuchu hazitoshi, au zimezama

Hapa, tofauti na idadi ya watoto, kuchagua kunalipa haraka, kwa sababu idadi ya chuchu hurithiwa kwa kiwango kikubwa zaidi, kati ya sehemu mbili na nne kwa kumi. Nayo haibadiliki tangu kuzaliwa. Mchukue kitoto, mgeuze chali kwenye mapaja, pitisha kidole gumba kila upande ukihesabu. Zikiwa chini ya saba kwa saba mimi simbakizi, ingawa wengine hukubali sita kwa sita. Bonyeza ngozi kando ya kila chuchu: nzima hujitokeza, iliyozama hubaki shimo kama kitovu. Jike mwenye chuchu 14 ambazo nne zimezama ni jike wa chuchu kumi.

Mhesabie dume pia. Hanyonyeshi, lakini anawarithisha mabinti, na ndiye anayesahaulika.

Ngiri, pumbu moja, asiye na tundu la haja

Mnyanyue kitoto dume kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, kisha mrudishe na ukandamize tumbo kidogo. Uvimbe laini unaotokea kwenye pumbu ni utumbo. Usimhasi kwa wembe kama wengine, utumbo utamwagika mikononi mwako. Mwite daktari wa mifugo.

Ngiri ya pumbu, pumbu lililobaki tumboni na kukosa tundu la haja hufuata ukoo, na kwa kawaida wazazi wote wawili wamechangia. Mtoto mmoja katika uzao 20 siyo ajabu. Wakirudia kwa dume yuleyule na majike tofauti, muondoe dume, na usibakize ndugu zake waliotoka wazima, maana wanaweza kubeba bila kuonyesha. Ngiri ya kitovu sina haraka nayo: mara nyingi chanzo ni kitovu kilichoingia uchafu. Paka ayodini siku ya kuzaliwa, kisha uone kama zitaendelea.

Mtamba amefika miezi minane na hajaona joto

Mpe dume wa kumnusa kwanza. Mitamba iliyofungiwa mbali na dume huchelewa, na dakika 15 kila siku pua kwa pua huamsha wengi ndani ya wiki chache. Tazama chakula. Tazama mahindi: yaliyoota ukungu huweza kuvimbisha uke ukawa mwekundu kana kwamba yuko kwenye joto, hata kwa watoto wadogo, kumbe ni sumu. Kama uke ni mdogo, umeelekea juu, na ncha imetokeza kama kidole, huyo huenda ni huntha, mwenye viungo vya jike na vya dume. Hatazaa. Mnenepeshe.

Anarudi kwenye joto, au anatupa mimba

Akirudi siku ya 18 hadi 24, mimba haikushika: rudi kwenye siku ya kupandisha na dume. Akirudi baada ya siku 25 hadi 35, ilishika ikapotea. Watoto waliokauka wa ukubwa tofauti, mmoja kama kidole, mwingine kama kiganja, ni dalili ya virusi kama vya parvo, siyo ya damu. Mimba zikitupwa na majike kadhaa kwa mfululizo, usiguse kwa mikono mitupu, na mwite daktari siku hiyohiyo.

Unapoleta dume mpya

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na dume anayezunguka ni gari lake zuri. Usimchukue kutoka eneo lenye vifo. Mtenge siku 30, mbali na wengine, na ndoo yake na viatu vyake. Penye huduma ya uhimilishaji, mbegu ya chupa inakuletea damu ya mbali bila miguu minne kuingia bandani. Ila ihifadhiwe kwenye nyuzi 17 hivi na itumike ndani ya siku chache, kwa sababu baridi ya friji huiua.

Mwanzishe dume kwa majike ambao historia yao unaijua, wenye uzao mbili au zaidi daftarini. Usimwanzishe kwa mitamba mitupu, hutakuwa na cha kulinganisha.

Yule wa Mbozi alifanya hivyo. Kwa dume wa tatu majike walewale waliandikwa 10, 11, 9, 10, 11, 9, wakiwemo wale wawili "waliozeeka". Kromosomu hatukupima, kwa hiyo siwezi kuapa ilikuwa nini. Kijana mrefu alihasiwa na daktari na kunenepeshwa. Mabinti wake wawili, warembo kuliko wote bandani, chuchu saba kwa saba, walikuwa tayari wametengwa kwa ajili ya mbegu. Tulibishana sana juu ya hao. Mwishowe walimfuata baba yao kwenye banda la kunenepesha.